Tovuti na mgonjwa anayepasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi ninayesimamia kitengo cha upasuaji wa siku moja katika hospitali moja mkoani Tanga. Wagonjwa wetu wengi ni wa ngiri, busha, mtoto wa jicho, vivimbe vidogo na watoto wa kutahiriwa. Uongozi umeamua kwamba maelekezo yote ya kabla na baada ya upasuaji yawekwe kwenye tovuti ya hospitali, ili tuache kuchapa karatasi na kupunguza muda ambao wauguzi wanautumia kueleza. Wagonjwa wetu wengi ni wakulima na wavuvi, na si wachache wenye simu za kitochi. Je, jambo hili linafaa? Na kama linafaa, tuweke nini humo?

JIBU: Marahaba, Sista. Umeuliza mambo mawili ambayo majibu yake hayafanani. Kama swali ni iwapo tovuti inafaa kumwelimisha mgonjwa wa upasuaji wa siku moja, jibu langu ni kwamba inafaa sana, pengine kuliko inavyomfaa mgonjwa mwingine yeyote wa upasuaji. Kama swali ni iwapo tovuti inaweza kuchukua nafasi ya maelezo ya mdomo na ya karatasi, jibu ni hapana, na ningekushauri uwaeleze hivyo wakubwa wako mapema, kabla mkataba na mtengenezaji wa tovuti haujatiwa saini, kwa sababu ukurasa uliokusudiwa kumwondoa muuguzi huandikwa tofauti kabisa na ukurasa uliokusudiwa kumsaidia.

Nianze na sababu ya kusema inafaa. Mgonjwa aliyelazwa wodini akikosea, hukosea mbele ya muuguzi: akila kabla ya wakati anaonekana, bandeji ikilowa damu inaonekana, akishindwa kukojoa usiku kuna wa kumwambia. Mgonjwa wa siku moja hufanya makosa hayohayo nyumbani, mbele ya mke, kaka au bibi ambaye hakuwepo daktari alipokuwa akieleza. Hili halikuanza leo. Mwaka 1909 daktari mpasuaji James Nicoll wa Glasgow, Uskoti, alitoa taarifa ya upasuaji 8,988 wa watoto waliorudishwa nyumbani bila kulazwa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba mtoto anyonyaye huuguzwa vizuri zaidi mikononi mwa mama yake kuliko kitandani hospitalini. Hoja hiyo inasimama iwapo tu mama amefundishwa la kufanya. Tangu wakati huo dawa za usingizi zimebadilika mno, lakini sharti hilo halijabadilika: tunapomruhusu mgonjwa kuondoka saa chache baada ya kisu, tunakuwa tumeiajiri familia yake kama wauguzi wa zamu ya usiku, na mara nyingi tunawaajiri bila mafunzo.

Sasa tazama jinsi mafunzo hayo yanavyotolewa kwa kawaida. Kabla ya upasuaji mgonjwa ana hofu, ana njaa, na anawaza gharama. Baada yake bado ana mabaki ya dawa mwilini, na ndugu wanaharakisha wasikose gari la mwisho la kwenda Pangani au Lushoto. Roy Kessels, mtafiti wa Uholanzi wa masuala ya kumbukumbu, aliandika mwaka 2003 kwamba asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika mara moja, na kwamba karibu nusu ya kile kinachokumbukwa hukumbukwa vibaya. Hao ni wagonjwa walioelezwa wakiwa na akili zao timamu. Ukurasa unaosomeka saa 3 usiku, taa ikiwa imewashwa na familia yote imekaa, unaziba pengo hilo barabara, na hiyo ndiyo kazi yake hasa: kurudia kile ambacho mgonjwa amekwisha kuambiwa, wakati anapokihitaji, mbele ya watu watakaomtunza.

Kwa nini nasisitiza kwamba ni kurudia, si kusema kwa mara ya kwanza? Mwaka 1964 Egbert na wenzake wa Massachusetts General Hospital kule Boston walichapisha jaribio lililowahusu wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Baadhi yao walitembelewa na daktari wa usingizi, akawaeleza maumivu yatakuwaje, yatatoka wapi, na wafanye nini ili kuyapunguza. Waliofundishwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu, na kwa wastani waliruhusiwa kwenda nyumbani siku 2.7 mapema kuliko wenzao. Wale walikuwa wagonjwa wa kulazwa, na upasuaji wao ulikuwa mkubwa kuliko wenu. Hata hivyo jambo lililofanya kazi pale lilikuwa mtu aliyekaa karibu na kitanda, akajibu maswali. Tafiti za baadaye kuhusu video na kurasa za mtandaoni zimeonyesha bila utata mkubwa kwamba maarifa ya mgonjwa huongezeka. Kuhusu kupungua kwa hofu, matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Sishangai. Mtu anayeogopa kwamba hataamka baada ya nusu kaputi hatulizwi na aya, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani. Kwa hiyo dakika ambazo uongozi wenu unatarajia kuziokoa zisifutwe, bali zihamishwe: badala ya muuguzi kukariri orodha ileile kwa kila mgonjwa, aanze kwa kuuliza, “Umesoma nini, na umeelewaje?” kisha asikilize.

Tuje kwenye kinachoandikwa. Kabla ya yote amua msomaji wako ni nani, na hapa wengi hupotea, kwa sababu wanamwandikia mgonjwa. Wagonjwa wako wa mtoto wa jicho hawawezi kuusoma ukurasa huo. Wanakuja kwako kwa sababu hiyohiyo. Watoto wa kutahiriwa nao hawatausoma. Anayeusoma ni mjukuu, binti, mama, au jirani mwenye simu janja, basi mwandikie yeye: “Mgonjwa wako asile…”, “Mtazame usiku huu kama…”. Herufi ziwe kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, na kila ukurasa uwe na sauti iliyorekodiwa inayosoma maneno hayohayo, ili mzee asikilize mwenyewe bila kutegemea mjukuu anayeruka mistari. Kwa Tanga ningeongeza sauti ya Kisambaa, ya Kizigua na ya Kidigo, isomwe na muuguzi ambaye ni mzaliwa wa lugha hiyo, si na mtu aliyekodiwa kwa uzuri wa sauti.

Sehemu inayostahili kazi kubwa kuliko zote ni ile ya kufunga kula na kunywa. Sababu ya sharti lenyewe inajulikana: mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza wanawake 66, kati ya wajawazito 44,016, waliopaliwa na vitu vilivyotoka tumboni hadi kwenye mapafu wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Kutokana na hofu hiyo ya haki ilizaliwa amri ya jumla ya “usile wala usinywe chochote baada ya saa 6 usiku”, ambayo bado naiona imebandikwa kwenye kuta nyingi. Amri hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini kwa vinywaji ni kali kupita inavyohitajika. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani, tangu mwaka 1999, unaruhusu vinywaji angavu hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama hadi saa 4, maziwa mengine na mlo mwepesi hadi saa 6, na kwa vyakula vya mafuta au nyama hutaka saa 8 au zaidi. Wenzao wa Ulaya, katika mwongozo wa mwaka 2022 kuhusu watoto, wanahimiza mtoto apewe kinywaji angavu hadi saa 1 kabla. Fikiria sasa mgonjwa wako aliyepangwa saa 7 mchana: kwa amri ya ukutani atakaa saa 13 bila tone la maji katika joto la Tanga. Akiwa mtoto, atafika analia, midomo imekauka, na mishipa imesinyaa kiasi kwamba kumwekea sindano ya dripu kunageuka kuwa vita.

Hata hivyo usichukue jedwali la Wamarekani ukalitafsiri na kulibandika. Kaa na daktari wenu wa usingizi, mkubaliane kuhusu saa, kisha mziandike kwa vyakula vya hapa. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Ndivyo ilivyo pia kwa supu, togwa na chai ya maziwa. Kinywaji angavu ni kile ambacho ukikiweka kwenye bilauri unaona upande wa pili: maji, chai ya rangi, sharubati iliyochujwa isiyo na nyama za tunda. Pilau ya harusini na chipsi za jioni ziandikwe kwa majina yake katika kundi la saa 8. Na ukiruhusu chai ya rangi, andika palepale “bila kitafunwa chochote”, maana mtu wa pwani aliyeambiwa anaweza kunywa chai asubuhi atainywa na mahamri, tena kwa moyo mweupe kabisa, akiamini ametii.

Andika saa kwa hesabu yetu na utaje kipindi cha siku. Nimeona kurasa za hospitali ambazo mtengenezaji, kwa mazoea ya kompyuta, ameandika “06:00” akimaanisha saa 12 asubuhi. Msomaji akaielewa kuwa saa 6, ama ya usiku ama ya mchana, na kosa la saa 6 katika jambo hili laweza kumfanya mgonjwa afike meza ya upasuaji akiwa na tumbo lililojaa. Afadhali zaidi ni kuacha kabisa “saa kadhaa kabla ya upasuaji” na kumwandikia kila mgonjwa saa kamili. Wanaopasuliwa kuanzia saa 2 asubuhi: mlo wa mwisho uwe umekwisha ifikapo saa 6 usiku, na maji yakome saa 12 asubuhi. Wanaopasuliwa mchana wapate ukurasa wao. Hesabu ifanywe na ninyi, msimwachie mama aliye na usingizi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji ukurasa wa peke yake. Mgonjwa atakuja amefunga, atakuambia kwa ukweli kwamba amefunga, na daku aliyoila saa 10 au saa 11 alfajiri bado iko tumboni saa 2 asubuhi. Kwa hiyo swali la muuguzi lisiwe “Umefunga?”, liwe “Mara ya mwisho kuweka kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa nini?” Suala la kufungua kwa ajili ya maji au dawa waachie masheikh, ila muwaone mapema, na mkikubaliana, ukurasa utaje kwamba jambo hilo limezungumzwa nao.

Kuna sentensi moja ambayo sijawahi kuiona kwenye karatasi zetu na ambayo ningeiweka kwa herufi nzito: “Ukila au ukinywa kwa bahati mbaya, tuambie. Hutafokewa, utapangiwa saa nyingine au siku nyingine.” Watu hudanganya kuhusu chakula kwa sababu wametoka mbali, wamelipa nauli ya watu wawili, na wanajua wakisema ukweli watarudishwa. Lakini usiiandike sentensi hiyo kama wenzako mapokezi hawako tayari kuitimiza.

Yako mambo madogo ya maandalizi ambayo tovuti za Ulaya hazitakupa. Piko nyeusi kwenye vidole huweza kukivuruga kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Hina nyekundu haina tatizo kubwa hivyo, lakini bibi harusi wa juzi aambiwe abakize angalau kidole kimoja kisicho na piko, au kifaa kitafutiwe sikio. Kope bandia zitolewe kabla ya upasuaji wa jicho. Vidani, pete na hirizi zenye chuma viondolewe, kwa sababu mashine ya umeme ya kuzuia damu huweza kuunguza ngozi chini ya chuma, na ni vyema ukurasa useme sababu hiyo waziwazi, kwani mtu aliyeambiwa tu “vua hirizi” atadhani anadharauliwa.

Kuhusu dawa, ukurasa uwe mwangalifu zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwenye kisukari akimeza vidonge vyake kama kawaida huku hali chakula, sukari inaweza kushuka hadi hatari. Mwenye presha akiacha dawa zote kwa sababu “ameambiwa asimeze kitu” anaweza kufika na presha ya kuahirisha upasuaji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hawezi kuamuliwa na aya ya jumla. Kwa hiyo hapa tovuti iseme jambo moja tu, kwamba kila mwenye dawa za kudumu aje nazo kliniki katika pakiti zake, zikiwemo za mitishamba, na ataandikiwa kwenye kadi yake kipi ameze na kipi aache. Maelekezo ya jumla kuhusu dawa huchakaa upesi pia. Juni 2023 Wamarekani walishauri wanaochoma semaglutide kila wiki, dawa ya kisukari na kupunguza uzito, waiache wiki moja kabla ya upasuaji uliopangwa. Ilipofika Oktoba 2024 vyama kadhaa vya madaktari vikatoa mwongozo mpya unaosema wengi wanaweza kuendelea nayo, kwa tahadhari. Ukurasa ulioandikwa kwa uangalifu mwaka 2023 ulikuwa umepitwa na wakati kabla ya miaka miwili, na ndiyo maana kila ukurasa wako lazima uonyeshe juu kabisa mwezi na mwaka ulipopitiwa mara ya mwisho.

Maelekezo ya baada ya upasuaji hayafai kuwa ukurasa mmoja wa watu wote. Yaliyo ya jumla ni machache: aliyepewa nusu kaputi au dawa ya kusinziza asiendeshe chombo kwa saa 24, asinywe pombe, asiachwe peke yake usiku wa kwanza, na asitie saini karatasi za kiwanja wala kutuma fedha kwa simu, maana akili inaweza kuonekana imerudi huku uamuzi haujarudi. Hapa ongeza neno la bodaboda, kwa abiria pia: mtu mwenye kizunguzungu na nyuzi mbichi kwenye kinena hapaswi kukalia pikipiki kwenye barabara ya vumbi. Kama familia haina njia nyingine ya kumfikisha nyumbani, hilo lijulikane siku ya kliniki, si jioni ya kuruhusiwa.

Baada ya hayo, kila upasuaji uwe na ukurasa wake, na kila ukurasa utenganishe kinachotarajiwa na kinachotisha, kwa sababu familia haijui tofauti. Kwa busha, korodani kuvimba kiasi baada ya upasuaji ni jambo la kawaida na huchukua wiki kadhaa kuisha. Lakini uvimbe unaokua haraka usiku wa kwanza, wenye maumivu yanayozidi, ni damu inayokusanyika, na mgonjwa arudi. Kwa ngiri, hasa mzee aliyechomwa ganzi ya mgongo, kushindwa kukojoa ndiko kunakosahaulika: tumbo la chini linajaa, mgonjwa anadhani ni maumivu ya kidonda, na familia inaongeza vidonge. Kwa mtoto wa jicho, maumivu makali, uoni unaopungua badala ya kuongezeka, wekundu unaozidi au usaha ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo, usiku au mchana, kwa kuwa maambukizi ya ndani ya jicho hayasubiri siku ya kliniki. Na ukurasa useme wazi kwamba jicho hilo lisitiwe kitu chochote isipokuwa matone yaliyotolewa na hospitali. Kwa mtoto aliyetahiriwa, damu inayoendelea kutoka hata baada ya kubanwa kwa kitambaa safi, au kukaa muda mrefu bila kukojoa, ni sababu ya kurudi. Kwa yeyote aliyechomwa ganzi ya mgongo, taja kichwa kinachouma sana anapoketi au kusimama na kutulia anapolala: huanza mara nyingi siku mbili tatu baadaye, wakati mgonjwa keshajihesabu amepona na hakihusishi tena na upasuaji.

Maumivu yenyewe yaelezwe bila kuficha. Tukimwambia mtu “hutasikia kitu”, atakaposikia kitu ataacha kutuamini katika mengine yote. Mweleze kwamba ganzi ikiisha jioni maumivu yatakuja, kwamba dawa inywewe kwa saa badala ya kusubiri maumivu yapande, na dozi za watoto ziandikwe kwa uzito na mfamasia wenu.

Kuhusu simu za kitochi: tovuti yako isiwe mlango pekee, iwe ghala. Maneno yakishaandikwa vizuri mara moja na kupitishwa na daktari, yanaweza kutoka humo kwa njia nne bila kubadilika: ukurasa, sauti, karatasi moja iliyochapwa, na ujumbe mfupi. Nchi yetu ina uzoefu na njia hii ya mwisho. Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na wenza wao ujumbe wa bure uliofika kwenye simu yoyote. Zimbabwe nako, wanaume waliotahiriwa walifuatiliwa kwa ujumbe mfupi wa kila siku ambao waliweza kuujibu, wakaja kliniki pale tu walipoona haja, na majaribio hayo yalionyesha kwamba safari za kliniki zilipungua sana bila usalama wao kudhurika. Kwa wagonjwa wako ningeanza na jumbe tatu: mmoja siku moja kabla, wenye saa ya mwisho ya kula na ya kunywa, mmoja usiku wa upasuaji, wenye dalili mbili za hatari na namba ya kupiga, mmoja siku ya tatu, unaouliza hali.

Lakini ujumbe usitaje aina ya upasuaji. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima, na mwanamume ambaye hakumwambia mtu kwamba ana busha hatafurahi mtoto wake akiusoma ujumbe huo kwa sauti sebuleni. Andika “miadi yako ya hospitali” na inatosha. Vivyo hivyo, usikubali fomu ya mtandaoni inayomtaka mgonjwa ajaze jina, ugonjwa na namba ya simu kabla ya kuruhusiwa kusoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibebesha hospitali wajibu mzito kwa kila taarifa ya afya inayokusanya, na maelekezo ya kufunga kula hayahitaji jina la mtu.

Kwa upande wa ufundi sina mengi. Ukurasa uwe maneno zaidi ya picha, ufunguke kwenye bando dogo na mtandao hafifu, usidai nywila, na uweze kuhifadhiwa kwenye simu usomwe bila mtandao. Video, mkiitaka, iwe fupi na iwe chaguo. Inafaa zaidi kwa watoto, ambao hunufaika kuiona korido, kitanda na watu waliovaa barakoa kabla ya siku yenyewe. Sauti ianze kwa kutaja jina la hospitali, upasuaji unaohusika na mwezi iliporekodiwa, kwa maana itasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, mpende msipende, na itamfikia mgonjwa wa hospitali nyingine ambaye saa zake ni tofauti na zenu. Kuwa mwangalifu na viungo vya nje pia. Zamani tungeweza kumwambia msomaji atafute HONcode, alama ya tovuti za afya zinazoaminika, iliyotolewa na taasisi ya Geneva iliyoanzishwa mwaka 1995, lakini taasisi hiyo ilifunga kazi zake mwaka 2022. Kurasa za huduma ya afya ya Uingereza ni nzuri, ila ni za Kiingereza na humwelekeza mtu apige 111, namba ambayo kwa mgonjwa wa Tanga haina muuguzi upande wa pili.

Kabla ya kuufungua ukurasa kwa watu, uujaribu pale kwenye benchi la wanaosubiri. Mpe ndugu wa mgonjwa simu, mwache atafute mwenyewe, kisha muulize: mgonjwa wako ale mwisho saa ngapi? Anaweza kunywa nini asubuhi? Kitu gani kikitokea usiku utamrudisha? Utampigia nani? Asipojibu, tatizo ni la ukurasa, na sentensi husika iandikwe upya. Kwa uongozi, ambao nadhani watataka takwimu, hesabuni kwa miezi mitatu kabla na mitatu baada: upasuaji ulioahirishwa kwa sababu mgonjwa amekula, waliorudi usiku bila sababu ya msingi, na waliochelewa kurudi walipokuwa na sababu. Idadi ya waliotembelea tovuti haitawaambia chochote kuhusu hayo, ingawa ndiyo takwimu ambayo mtengenezaji atakuletea kwanza.

Karatasi moja ibaki. Iwe na saa za kula na kunywa zilizojazwa kwa kalamu, dalili za hatari za upasuaji huo, anwani ya ukurasa na namba ya simu. Ridhaa nayo ibaki ana kwa ana. Mgonjwa kubofya kwamba amesoma si sawa na mgonjwa kukubali kupasuliwa, na daktari atakayesimama mahakamani na alama ya kubofya peke yake atakuwa na kazi ngumu.

Ningeanza na upasuaji mmoja tu, ngiri au mtoto wa jicho, na ukurasa uwe mali ya kitengo chako, si ya ofisi ya kompyuta: muuguzi mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye kuupitia kila baada ya miezi sita pamoja na daktari wa usingizi, na awe na ruhusa ya kurekebisha neno siku hiyohiyo linapogundulika kuwa na kosa. Na ile namba ya simu iliyo chini ya kila ukurasa, kila karatasi na kila ujumbe, iandikiwe ratiba ya zamu kabla ya kitu kingine chochote, ipewe muda wa maongezi na chaji, na mtu wa familia yako aipige saa 8 usiku bila kutoa taarifa. Ikipokelewa na muuguzi anayejua kuuliza kuhusu mkojo, damu na jicho, fungueni ukurasa hata kama video bado haijakamilika. Isipopokelewa, subirini.